Kokwa za Bwana Ghanim

Kok.

Sauti ndogo, kavu, kama mtu anayejigonga jino kwa ukucha. Veneranda akakaza mikono ndani ya beseni la vyombo, akasikiliza. Kiyoyozi kilikuwa kinaunguruma. Bomba lilikuwa linadondoka. Akajiambia ni bomba. Mara, kutoka ng'ambo ya ukumbi, nyuma ya mlango uliofungwa wa majlisi, chumba cha kupokelea wageni, ikaja tena: kok. Kabla hajameza mate ikaja ya tatu.

Sauti hiyo aliijua kuliko alivyoijua sauti ya mama yake mzazi aliyemwacha Muleba. Ilikuwa kokwa ya tende ikianguka kwenye bakuli la chuma. Siku sabini sasa ilikuwa ikimfuata. Ilimkuta akianika nguo juu ya dari, ikamkuta akipiga pasi kanzu, na mara moja ilimkuta kanisani kule Ruwi, Maskati, katikati ya sala, akageuka kutazama nyuma mpaka mwenzake akamkanyaga mguu. Wakati wote ilikuja mchana, saa ambayo nyumba nzima inalala baada ya chakula, kwa kuwa saa hiyo ndiyo Bwana Ghanim alikuwa akila tende zake. Na Bwana Ghanim yuko chini ya mchanga wa makaburi siku sabini.

Leo ilikuwa Ijumaa, na wanaume wote wako msikitini: Muatasim, mtoto wa marehemu, na dereva, na Mzee Jaifar, mdogo wake marehemu. Ndani ya nyumba, kwa hesabu yake, walikuwa wawili tu. Yeye, na Bibi Mahfudha, mjane, chumbani kwake anakaa eda.

Kok.

Veneranda alifuta mikono kwenye gauni. Wala hakuwa jasiri, ila alikuwa amechoka. Mtu akifuatwa siku sabini, inafika mahali anataka kumwona anayemfuata hata akimwona afe. Akavuka ukumbi, akashika kitasa, akafungua.

Juu ya godoro la marehemu, mgongo wake kwa mlango, alikaa mzee mwenye kofia ya marehemu. Mkono wake ulipanda kinywani, ukashuka juu ya bakuli, ukaachia.

Veneranda alibaki ameshika kitasa. Yule mzee akageuka polepole, akiwa na shavu moja limevimba kama la mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Funga mlango," akasema Mzee Jaifar. "Unatoa baridi nje."

* * *

Ili ieleweke kwa nini kumwona aliye hai kulimtisha kuliko ambavyo angemwona mfu, lazima tumrudie Bwana Ghanim.

Nyumba yao iko Wattaya, nyuma ya maduka ya magari mapya, na Bwana Ghanim alikuwa mstaafu wa wizara, mtu wa kanzu nyeupe na maneno machache. Kisukari kilimla figo miaka kumi bila kelele. Walipomlaza hospitali alikuwa amejaa maji mpaka macho hayafunguki. Wakampitisha mpira kwenye mshipa wa shingo, wakamfunga na mashine ya kusafisha damu, na Bibi Mahfudha akachinja mbuzi kwa furaha, maana mume wake alirudi nyumbani akitembea. Watu wakapongezana. Imekwisha, wakasema, mashine imempokea.

Nesi Masouda ndiye aliyekataa kupongezwa. Huyu mama yake alikuwa wa Pemba, naye mwenyewe akizungumza Kiswahili kitamu, na siku ya kwanza aliwaweka Veneranda na Muatasim pembeni akawaambia bila kuzunguka. Wagonjwa wapya wao wanawaita wageni. Mgonjwa ni mgeni mpaka avuke miezi mitatu. Akishavuka, anaweza kuishi na mashine miaka na miaka, akaozesha wajukuu. Lakini wageni wanaondoka. Wanaondoka wengi, tena wale ambao watu wamekwisha kuwashangilia. Mwingine moyo, mwingine usaha kwenye mpira, mwingine presha inaporomoka. Na siku mbaya ni zile za mapumziko. Bwana Ghanim alisafishwa Jumapili, Jumanne na Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi sumu inalala mwilini siku mbili nzima. Masouda alisema kila Jumapili asubuhi, kabla hajatoa salamu, anatazama kwanza viti vya wagonjwa, kipi hakina mtu.

Kisha akataja vya kuacha. Ndizi, machungwa, juisi, na tende. Hasa tende, akasema, ndani yake mna chumvi isiyoonjeka kwa ulimi; figo zikifa chumvi hiyo haina pa kutokea, inarundikana kwenye damu, na moyo unasimama kama saa iliyoishiwa betri.

Sawa. Lakini mwambie hayo mtu aliyekula tende tangu meno ya kwanza. Wiki ya pili, mchana, wote wamelala, Bwana Ghanim alimwita. Hakuwahi kumwomba kitu miaka minne ya utumishi wake, alikuwa anaagiza. Siku hiyo aliomba. Tatu tu, mwanangu, akasema. Tende huliwa kwa witri, moja au tatu au tano, ndiyo sunna. Yeye hataki tano. Tatu haziwezi kuua mtu. Na Veneranda alipotikisa kichwa, mzee yule wa kanzu nyeupe alilia. Machozi yalishuka na hakuyafuta.

Akampa tatu. Kesho yake tatu. Kila mchana tatu, za fardhi, zile nyeusi ngumu, na kila mchana kutoka jikoni akasikia kok, kok, kok, na akaja kuliosha bakuli.

Jumamosi ya wiki ya sita alisikia mbili. Akangoja ya tatu. Akangoja mpaka maji ya kuoshea vyombo yakapoa. Alipoingia alimkuta ameegemea mto, mdomo wazi kidogo, tende ya tatu bado ulimini, haijatafunwa.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichomla. Aliitoa ile tende kinywani mwa maiti kwa vidole vyake. Akakusanya kokwa. Akaosha bakuli, akalipangusa, akalirudisha kabatini. Ndipo akapiga yowe.

Daktari alisema ni moyo. Hakuna aliyeuliza zaidi.

* * *

Jaifar alikuja toka Quriyat kuzika, miguu imevimba, viatu kavaa kwa kuvikanyaga visigino. Muatasim akamshika kwa nguvu akapimwe. Yaleyale: figo za ukoo mmoja, sukari ya ukoo mmoja. Mwezi haukuisha akawa na mpira wake shingoni. Kumpeleka na kumrudisha Quriyat mara tatu kwa wiki hakuwezekani, kwa hiyo akapewa majlisi, ule ule, wenye mlango wake wa nje, na godoro lile lile.

Bibi Mahfudha, kwa kuwa yuko edani na Jaifar ni shemegi tu, hakukaa naye chumba kimoja wala hakumtokea. Maneno yao yote yakapita kwa Veneranda. Muulize shemegi kala? Mwambie Bibi nimekula, lakini chumvi hamna, kama chakula cha jela. Veneranda akawa anakwenda na kurudi ukumbini siku kutwa, na polepole akampenda yule mzee mchokozi kuliko alivyokusudia. Jaifar alikuwa na duka la vipuri vya magari miaka thelathini na alizungumza na kila mtu kama anayebishana bei. Alimwambia nyie watu wa Bukoba mnakula ndizi asubuhi, mchana na jioni, halafu mnamnyima mzee tende tatu. Veneranda akamjibu ndizi zenyewe kaziacha tangu afike Maskati, na kule kwao zinapikwa na nyama, hazimung'unywi kitandani kwa siri. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Veneranda alimnyima, kila siku. Na akaamini amemlinda.

Sasa alisimama mbele ya godoro akalitazama bakuli. Akahesabu kwa macho.

"Tisa," akasema.

"Tisa ni witri."

"Nani kakupa, Baba?"

Jaifar akameza kilichokuwa shavuni. Akaeleza bila aibu, kama mtu anayetaja walioleta zawadi za harusi. Tatu za shemegi Mahfudha, aliyemwekea kwenye kisahani nje ya mlango asubuhi, kwa kuwa haijuzu mgeni kukaa nyumbani mwake na Ijumaa ipite hajaonja. Tatu za dereva. Tatu za Muatasim, alipopita kumwamkia. Kila mmoja kampa tatu tu, na kila mmoja kamwambia asimwambie mtu.

"Na jana?"

"Jana pia. Watu wa nyumba hii wana huruma, isipokuwa weye."

Veneranda alihisi ukuta umemsogelea. Tatu zake. Siku sabini alikuwa amezibeba tatu zake kama mwuaji anavyobeba kisu, na haikumpitikia hata mara moja kwamba Bwana Ghanim alikuwa akiomba kwa mdomo uleule mbele ya kila mtu.

Ndipo akamwona vizuri. Uso ulikuwa wa kijivu.

"Kwa nini hukwenda kuswali?"

"Wenzangu wametangulia, mie nimefika getini, miguu ikakataa. Kama si yangu. Nikarudi kwa kushika ukuta." Akajilamba midomo. "Na midomo inanichonyota. Hewa tu hii."

Masouda alikuwa amelisema hilo pia, kwa kidole cha onyo: miguu ikilegea kama ya mtoto anayejifunza kutembea, msingoje Jumapili. Veneranda akamwambia wanakwenda hospitali sasa hivi. Jaifar akacheka, safari hii bila pumzi. Leo Ijumaa, akasema. Baada ya swala wanakuja watu kutoka Quriyat kumjulia hali, mwendo wa saa nzima barabarani, wazee wenzake. Waje wakute majlisi tupu, mwenyeji katoroka? Kahawa haijapikwa, sinia halijaandaliwa. Aende jikoni akafanye kazi yake.

Akampigia Muatasim. Simu imezimwa. Akampigia dereva. Imezimwa. Walikuwa mbele ya imamu wao, na khutuba ya Ijumaa haikatizwi.

Mtu mmoja tu ndani ya nyumba ile angeweza kumwondoa Jaifar juu ya godoro, na kumwendea ilikuwa lazima amwambie anajuaje kwamba tende zinaua.

* * *

Bibi Mahfudha alikuwa juu ya mswala, amemaliza adhuhuri yake, tasbihi mkononi. Veneranda alipiga magoti mlangoni, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kwanza alipofika. Alilisema lote kwa mkupuo, kwa kuwa angelitia nukta mahali angesimama hapo: Jaifar, miguu, kokwa tisa, halafu Bwana Ghanim, machozi, tatu za kila mchana, halafu tende aliyoitoa kinywani, na bakuli aliloliosha kabla ya kupiga yowe. Akasema Bibi anaweza kumrudisha kwao kesho, anaweza kumwita polisi, lakini kwanza amtoe yule mzee.

Tasbihi ilisimama. Bibi Mahfudha alikuwa mwanamke mnene, mpole, na uso wake ulikuwa hauna kawaida ya kuficha kitu. Sasa haukuonyesha chochote.

"Mchana," akasema. "Weye ulikuwa unampa mchana."

"Ndiyo, Bibi."

"Mie nlikuwa nampa baada ya Isha. Akinambia, Mahfudha, tatu tu. Akilia." Akatazama mikono yake. "Nkadhani kalia kwangu peke yangu. Miaka arubaini na sita sijamwona kulia, nkajivuna, nkasema leo kanifungulia moyo wake."

Kupitia ukumbini Jaifar alisikika akikohoa.

"Tumemuua, Bibi?"

"Sijui. Na weye hujui. Daktari kasema moyo, na mashine inawachukua watu hata wasiokula tende. Hilo tutakwenda nalo kaburini hatulijui." Akajisukuma akasimama, akishika kitanda. "Lakini huyu wa pili tutamjua. Nipe buibui langu."

Alijifunika mpaka macho. Tangu Jaifar apewe majlisi hakuwa amevuka ukumbi mchana mzee akiwamo. Akasimama nyuma ya mlango wa majlisi, akauacha wazi upenyo wa kiganja, na Veneranda akabaki katikati yao, akiwaona wote wawili.

"Jaifar."

Yule mzee alishtuka, akairudisha miguu chini ya kanzu kama mtoto. "Shemegi. Kuna nini?"

"Nna maneno nawe na sitayarudia. Nduguyo alitulilia; mie nilimpa tatu kila usiku. Huyu Vene kampa tatu kila mchana. Ijumaa akila na wageni asiwatie haya. Mwanawe sijui kampa ngapi, nitamuuliza. Wote tulimpenda, na kila mtu alizihesabu zake tu. Na leo asubuhi mie, mjane wake, nimekuwekea weye kisahani mlangoni."

Jaifar aliliweka bakuli chini.

"Eda ya nduguyo nnaikaa kwa sharia. Usinipe ya pili ya kuikaa moyoni. Inuka."

"Watu wanakuja, Mahfudha." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Watoke Quriyat wakute sipo? Watasema nimewakimbia."

"Nitawaambia mie, kwa mlango huu huu, uko wapi na kwa nini. Watakunywa kahawa. Tende leo hazitoki katika nyumba hii, si kwa mgonjwa wala kwa mzima."

"Watatusema."

"Watuseme."

Jaifar akajaribu kuinuka. Alitia mkono kwenye godoro, akasukuma, na hakuna kilichoinuka. Akajaribu tena. Ndipo Veneranda akaona macho yake yanabadilika, maneno yote ya dukani yanamtoka usoni, anabaki mzee tu ambaye miguu haimjibu. Veneranda alikuwa ameshabonyeza namba za gari la wagonjwa.

* * *

Hospitali walimbandika nyaya kifuani, na daktari kijana alipoitazama karatasi iliyotoka kwenye mashine ya moyo hakusema kitu, alikimbia. Wakamchoma sindano mshipani, wakamchoma nyingine, wakampandisha kwenye kitengo cha kusafisha damu. Siku hiyo kitengo kilikuwa kimya, viti vimepangwa vitupu chini ya taa nyeupe. Veneranda hakutaka kuvitazama. Kile cha dirishani kilikuwa cha Bwana Ghanim. Cha pembeni yake kilikuwa cha mwalimu mmoja aliyeanza wiki moja naye, na ambaye Jumapili ya nne hakuonekana. Aliviona vyote vina watu. Akakaza macho kwenye mpira wa shingoni mwa Jaifar, damu ikitoka nyeusi na kurudi.

Masouda ndiye aliyekuwa zamu. Alimsikiliza Veneranda mpaka mwisho, ya Jaifar na ya Ghanim, bila kumkata. Hakumwambia amesamehewa na hakumwambia amekosa. Alisema ukoo mzima uje Jumapili, na dereva pia, awakalishe wote chumba kimoja wasikie pamoja, na kila mtu aseme mbele ya mwenzake kampa nini. Halafu akatazama mashine. Hamkungoja, akasema, hilo ndilo jema mlilofanya. Ila huyu bado mgeni. Amemaliza wiki sita, zimebaki saba.

Alipoondoka, Jaifar alifumbua macho. Rangi ilikuwa imeanza kumrudi midomoni. Muatasim alikuwa njiani, wageni wa Quriyat walikuwa nyumbani, wamekunywa kahawa tupu, na Bibi Mahfudha alikuwa amepiga simu mara mbili.

"Mlangoni shemegi alisema Ghanim aliwalilia," Jaifar akasema. "Kweli alilia?"

"Alilia."

"Ghanim. Tulipokimbia Unguja alikuwa na miaka kumi na minne, mie minane. Kanibeba mgongoni mpaka bandarini. Hakulia. Baba alipokufa hakulia." Akaitazama mashine ikizungusha damu. "Basi hiyo si njaa ya tende, Vene. Mtu anaogopa, hana la kuomba, anaomba anachokijua."

Veneranda hakuwa amelifikiria hivyo. Alimwona tena yule mzee, machozi yasiyofutwa, na safari hii hakuwa anaomba tende.

"Na mie nnaogopa," akasema Jaifar, akitazama dari. "Sitaki kukudanganya. Saa hii nimetishika, nna adabu. Jumatano nitakuwa nimesahau. Nitakutukana. Nitakwambia nitakurudisha Bukoba kwa ndege ya kwanza. Nikiona hilo halifai, nitalia, na mie kulia nnajua kuliko kaka yangu. Utafanyaje?"

Veneranda alivuta kiti mpaka goti lake likagusa kitanda. Aliushika mkono wa mzee, ule usio na sindano, ambao kwa desturi ya nyumba ile hakuwa na ruhusa ya kuushika.

"Nitakaa nawe," akasema. "Utatukana, nitakaa. Utalia, nitakaa palepale godoroni nikusikilize mpaka umalize, hata kama ni mpaka Magharibi. Sitaondoka na sitakupa. Wiki saba zote, Baba. Nakuahidi."